Waguna wa Panama wanajitawala kweli, au ni sheria ya kwenye karatasi tu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, mwanafunzi wa sosholojia mwaka wa pili chuo anayeandaa tasnifu yake, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Darasani tumeambiwa Waguna wa Panama ni mfano bora wa jamii ya wenyeji inayojitawala ndani ya nchi, na kwamba siri yao ni sheria ya 1938 iliyowapa eneo lao. Mimi siamini kama karatasi inaweza kufanya yote hayo. Wanajitawala kweli? Na hao wanaanthropolojia waliowatafiti miaka yote waliwasaidia au waliwatumia tu?"

Marahaba dada yangu. Hapo kwenye kutoiamini karatasi umeanza vizuri, shikilia hapohapo. Nitakujibu kwa urefu maana hili swali nimeulizwa mara nyingi na watu wakitaka jibu la sentensi moja, na jibu la sentensi moja kwa hili halipo.

Kwanza tujue tunaongelea nani. Waguna (vitabu vya zamani vinaandika Kuna au Cuna, ni walewale) wanaishi pwani ya Karibi ya Panama, upande wa mashariki kuelekea mpaka wa Colombia, kwenye ukanda mwembamba wa msitu wa bara pamoja na visiwa vidogovidogo vya matumbawe zaidi ya 350. Vingi havina mtu, vina minazi tu, halafu watu wenyewe wamejazana kwenye jumuiya kama 50 hivi, kuna visiwa nyumba zimebanana mpaka ukingoni mwa maji. Sensa ya 2010 ilihesabu watu zaidi ya 30,000 kwenye eneo lenyewe, linaitwa Guna Yala, zamani San Blas, na Waguna wengine wengi wapo Panama City wanafanya kazi. Kisheria eneo lao ni komarka, yaani mkoa wa wenyeji wenye utawala wake, na leo Panama ina komarka kadhaa, Waembera na Wawounaan walipata yao 1983, Wangäbe na Wabuglé 1997, ila Waguna ndo waliofungua njia.

Sasa hiyo sheria. Mwalimu wenu mwaka hajakosea, komarka ya San Blas iliundwa kweli 1938. Lakini jiulize kabla ya hapo kulikuwa na nini, maana hiyo haikuwa karatasi ya kwanza. Mwaka 1870 Colombia, ambayo wakati huo Panama ilikuwa sehemu yake, ilishawatambulia Waguna komarka yao ya Tulenega. Karatasi nzuri tu. 1903 Panama ikajitenga na Colombia kwa msaada wa Wamarekani waliokuwa wanautaka mfereji, na ile karatasi ikabaki haina mwenyewe, nchi mpya haikuiheshimu. Kwa hiyo kama sheria peke yake ingetosha, ingetosha ile ya 1870, wala tusingekuwa na story ya kusimulia.

Mwaka 1915 rais Belisario Porras akaanzisha utawala wa serikali huko visiwani, makao yake kwenye kisiwa kidogo cha El Porvenir, na polisi wa kikoloni (ndivyo walivyoitwa, polisi wa kikoloni, kwenye nchi iliyojiita jamhuri huru!) wakaanza kuwekwa kijiji kimoja baada ya kingine. Lengo likasemwa waziwazi ni kuwastaarabisha. Wanawake wakakatazwa kuvaa pete zao za dhahabu za puani na shanga za miguuni na zile blauzi za mola, vile vitambaa vinavyoshonwa tabaka juu ya tabaka halafu vinakatwa ili rangi za chini zitokeze. Sherehe za kumtoa mwali, ambako kijiji kizima kinakunywa pombe ya miwa, zikapigwa marufuku, na kwenye vijiji vingine zikaanzishwa klabu za dansi wasichana wakalazimishwa kwenda kucheza na polisi. Na usidhani Waguna wote walikuwa upande mmoja. Visiwa kama Nargana vilikuwa na viongozi wao wenyewe waliosoma nje na waliotaka shule na mabadiliko, mmoja wao Charles Robinson ndiye aliyemkaribisha mmisionari wa Kiprotestanti, Anna Coope, mwaka 1913. Hii ni muhimu kwa mtu anayesoma sosholojia kama wewe, kwa sababu watu wakiandika habari za wenyeji wanapenda kuweka "jamii" huku na "serikali" kule kana kwamba jamii haina ugomvi wake wa ndani.

Februari 1925, wakati wa sherehe za kanivali, vijiji vilivyokuwa chini ya Nele Kantule wa Ustupu na Simral Colman wa Ailigandi vikaamka na kuwavamia polisi. Polisi waliuawa, Waguna walioshirikiana nao waliuawa, na kuna watoto waliozaliwa na baba wasio Waguna nao waliuawa, hilo wanaharakati wengi hulipita kimyakimya lakini lipo kwenye historia na huwezi kuandika tasnifu ukalificha. Pale pia alikuwepo Mmarekani mmoja, Richard Marsh, huyu jamaa alikuwa na vituko vyake, alikuja kutafuta "Wahindi weupe" (Wahindi wa Amerika, yaani wenyeji, si wa India) msituni, akakuta Waguna wenye ualbino (ambao kwao ni wengi kiasi), akawachukua wachache mpaka Washington 1924 kuwaonyesha wanasayansi, halafu akarudi na kuwaandikia Waguna tamko la uhuru wa Jamhuri ya Tule (Tule ndo jina wanalojiita wenyewe). Serikali ya Panama ikataka kupeleka nguvu, lakini manowari ya Marekani, Cleveland, ikawa imeshafika, na balozi wa Marekani akasimamia mazungumzo. Tarehe 4 Machi 1925 wakatia saini: Waguna wanabaki ndani ya Panama, wanaweka silaha chini, na serikali inaahidi kuziheshimu mila zao na kutowalazimisha shule.

Bahati ilikuwepo hapo, tusijidanganye. Wamarekani hawakuja kwa ajili ya haki za wenyeji, walikuwa wanalinda utulivu karibu na mfereji wao. Waguna wangefanya maasi yaleyale nchi nyingine isiyo na mfereji, sijui kama tungekuwa tunawasoma leo kama mfano bora.

Ila angalia kilichofuata, hapa ndo penyewe. Kutoka 1925 mpaka sheria ya 1938 ni miaka 13. Miaka hiyo yote vijiji vilikuwa vinajiendesha, vinaitana kwenye makongamano, vinagombana na kupatana, Nele Kantule anatuma wajumbe na barua serikalini, na hata Nargana na upande wa wanamapinduzi wakaanza taratibu kukaa meza moja. 1945 ndo wakapata katiba yao iliyoweka masagla (viongozi wa jadi) wakuu watatu na Kongamano Kuu, yaani mkutano wa jumuiya zote, na 1953 ikaja Sheria namba 16 iliyopanga vizuri uhusiano na serikali. Kwa maneno mengine kila mara serikali ilipoandika sheria ilikuwa inaandika kitu ambacho tayari kinafanyika. Na mchezo ni huohuo mpaka leo: miaka ya 1990 Waguna walijiandikia Sheria ya Msingi na kanuni zake, wakaipitisha kwenye kongamano lao wenyewe, wakaanza kuitumia bila kulisubiri Bunge la Panama. Mwanasheria atakwambia haina nguvu. Nenda kajaribu kujenga hoteli huko kwa kutumia hoja hiyo.

Kwa hiyo kinachofanyika ni nini hasa? Mikutano dada yangu. Mikutano mingi usipime.

Kila kijiji kina nyumba kubwa ya mkutano, ukumbi wa makuti katikati ya kijiji, na katikati ya ukumbi zimefungwa bembea za kamba za masagla, yaani wakuu wa kijiji, halafu mabenchi yamezunguka. Kuna jioni za wanaume kujadili mambo ya kawaida, nani ameiba ndizi za nani, gati lirekebishwe lini, nani hajaenda kwenye kazi ya pamoja, mjumbe gani aende kongamano na nauli itoke wapi. Na kuna jioni za kuimba, wanawake wanakuja wakiwa wamevaa vizuri na wengi wanashona mola zao palepale chini ya taa. Sagla amelala kwenye bembea anaimba kwa muda mrefu, historia, mababu, mwenendo mwema, kwa lugha ya mafumbo mazito ambayo kijana wa kawaida haielewi vizuri, na sagla mwenzake pembeni anaitikia kila ubeti. Akimaliza anasimama argar, msemaji, anaufafanua wimbo wote kwa lugha ya kawaida na kuugeuza uingie kwenye mambo ya kijiji ya wiki ile. Na katikati ya yote hayo kuna askari wa kijiji wenye fimbo wanaopiga kelele kila baada ya muda watu wasilale!

Joel Sherzer, mtaalamu wa lugha na anthropolojia, na James Howe, waliofanya utafiti huko kuanzia miaka ya 1970, wameliandika hili kwa undani kuliko wote. Howe alionyesha kitu ambacho mimi naona ndo jibu la nusu ya swali lako: sagla anaheshimiwa sana, anaimba habari za mababu, lakini si mfalme hata kidogo. Kijiji kinamkosoa hadharani kwenye mkutano uleule, na akizini au akila pesa au akiwa mbabe anavuliwa cheo. Wenyewe wana picha yao ya jengo, sagla ni nguzo ya katikati, argar ni nguzo ndogo, wanakijiji ni fito za ukuta, na nguzo ikioza inang'olewa nyingine inawekwa. Sasa hebu fikiria serikali inayotaka kumnunua kiongozi wa watu kama hao. Utamnunua sagla leo, kesho jioni anaulizwa mbele ya kijiji kizima umetoa wapi hiyo injini ya boti.

Na kutoka kijijini inapanda juu. Kila jumuiya inatuma wajumbe Kongamano Kuu, na mjumbe akirudi lazima asimame kwenye ukumbi wa kwao aripoti kilichosemwa, kwa kirefu. Hakuna kupitishiwa jambo juu kwa juu halafu mnasikia redioni. Inachosha? Inachosha sana. Maamuzi yanachukua miezi, wakati mwingine miaka. Lakini huo uchovu ndo gharama, na watafiti wengi wanaopenda kusifia demokrasia ya wenyeji hawaelezi kwamba ni kazi ya kila siku inayokula usiku wa watu.

Gharama nyingine hii hapa, na iweke kwenye tasnifu: uhuru wa jamii si lazima uwe uhuru wa mtu mmojammoja. Kwenye vijiji vingi, hasa zamani kidogo, ukitaka kusafiri ulihitaji ruhusa ya kijiji, ukirudi unalipa ada, ukikosa kazi ya pamoja unatozwa faini. Wanawake wana nafasi kubwa kwenye mila (nyumba na ukoo vinazungukia upande wa mke, bwana anahamia kwa wakwe), lakini vyeo vya sagla kwa miaka mingi vimekuwa vya wanaume karibu vyote. Kijana aliyesoma Panama City akirudi anakuta wazee wanamwambia asubiri. Wengi hawasubiri, wanaondoka, na visiwa vingine vinapata shida ya nani atajifunza zile nyimbo.

Halafu kuna pesa. Hii watu wa haki za binadamu huisahau lakini wewe wa Tanga utanielewa haraka, maana ni habari ya nazi. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita Waguna waliishi kwa kuuza nazi kwa majahazi ya Wakolombia yaliyozunguka kisiwa kwa kisiwa, na nazi ilikuwa inatumika kama sarafu, unaenda dukani na nazi unarudi na sukari. Kongamano lilikuwa linapanga bei ili vijiji visishushiane. Halafu zikaja mola, wanawake wakaanza kuuza kwa watalii na kuingiza pesa yao wenyewe, na mwaka 2000 Panama ikapitisha Sheria namba 20 inayolinda hakimiliki za pamoja za wenyeji, kwa sababu mola feki za kiwandani zilikuwa zimejaa. Utalii nao wanausimamia wao: mgeni anayeingia kwa barabara anasimamishwa getini analipa kiingilio cha komarka, na mtu asiye Mguna hawezi kumiliki ardhi wala hoteli huko. Wawekezaji wa nje walishajaribu, wakaondoka, na si wote waliondoka kwa upole. Jambo la msingi ni kwamba mtu asiyemtegemea waziri kwa chakula cha mchana anaweza kumkatalia waziri.

Mfano mzuri wa jinsi wanavyofikiri ni ile barabara. Miaka ya 1970 serikali ilianza kuchonga barabara kutoka El Llano kuvuka mgongo wa milima mpaka Cartí, pwani ya Waguna. Nyuma ya barabara walikuwa wanakuja wakulima masikini wa kata-choma, wanasogeza mashamba na malisho kila mwaka. Waguna vijana wakaamua kukaa mpakani pale juu, sehemu inaitwa Udirbi, walime ili ionekane ardhi ina mwenyewe. Mazao yakagoma, udongo wa kule juu ni mbovu na mvua haiishi. Hapo ndo wakabadilisha mbinu, wakasema basi msitu wenyewe uwe ndo matumizi, na miaka ya 1980 wakaanzisha mradi wa hifadhi unaoitwa PEMASKY kwa msaada wa taasisi za nje, wakaweka kituo Nusagandi, wakapima mpaka, wakaweka walinzi wao. Yaani walichukua lugha ya uhifadhi ya wazungu wakaitumia kulinda mpaka wao. Ni kinyume kabisa cha ile hadithi tuliyozoea ambapo hifadhi inakuja kumtoa mwenyeji.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, kuhusu wanaanthropolojia. Jibu langu ni kwamba kwa Waguna swali lenyewe limepinduka, mara nyingi wao ndo waliowatumia watafiti, na kwa akili sana. Msweden Erland Nordenskiöld alifika huko 1927, miaka miwili tu baada ya maasi. Nele Kantule hakumchukulia kama mgeni wa kupiga picha, mwaka 1931 akamtuma katibu wake, Rubén Pérez Kantule, mpaka Göteborg akakae na Nordenskiöld. Pérez alikwenda na madaftari ya maandishi ya Waguna wenyewe, na kule pia akatafuta kumbukumbu za zamani kuhusu watu wake. Nordenskiöld alifariki 1932, kazi ikatoka 1938 ikiwa na jina la Pérez ndani yake, kitu ambacho kwa zama zile kilikuwa nadra mno. Toka vijana wa kwanza waliposoma, masagla walikuwa na makatibu wao wa kuandika barua, mikataba, historia. Kwa hiyo mtafiti akija anakuta watu wanaojua karatasi ni silaha.

Haikuwa haki kila mara lakini. Claude Lévi-Strauss, mwanaanthropolojia Mfaransa, aliandika mwaka 1949 insha maarufu kuhusu wimbo wa Waguna wa kumsaidia mama mwenye uchungu wa uzazi, insha inafundishwa dunia nzima, na yeye Guna Yala hakuwahi kukanyaga, alifanyia kazi maandishi yaliyochapishwa Sweden 1947 ambayo msingi wake uliandikwa na Mguna, Guillermo Haya. Uliza darasani kwenu ni wangapi wanamjua Haya. Pia Waguna walishaifungia mlango taasisi nzima, si mtu mmoja tu: Smithsonian ya Marekani ilikuwa na kituo cha utafiti wa matumbawe huko toka miaka ya 1970, na 1998 Kongamano likakataa kuwaongezea ruhusa, wakafungasha. Wanasayansi walilalamika sana kwamba sayansi imepoteza. Mimi naona Waguna walikuwa na haki ya kuuliza wao wamepata nini kwa miaka yote hiyo, ila pia ni kweli kwamba takwimu za muda mrefu za matumbawe yao zingewafaa wenyewe sasa hivi bahari inapopanda. Yote mawili ni kweli, siwezi kukuchagulia.

Na bahari inapanda kweli. Juni 2024 familia kama 300 za kisiwa cha Gardi Sugdub zilihamishiwa bara kwenye makazi mapya ya Isberyala. Ukisoma magazeti ya nje utaona "serikali yawahamisha wakimbizi wa tabianchi". Ukweli ni kwamba wanakijiji wenyewe ndo waliodai kuhama toka karibu 2010, kisiwa kilikuwa kimejaa na maji yanaingia majumbani, serikali ikaahidi na kuchelewesha mwaka baada ya mwaka. Nyumba hatimaye zikajengwa na serikali, zote sare, kwenye mistari, na hapa ndo unaona mpaka wa mamlaka yao ulipo. Uamuzi wa kuhama waliufanya wao, pesa hawakuwa nayo. Vivyo hivyo walimu na waganga wa zahanati wanalipwa na serikali, madini ya chini ya ardhi kikatiba ni ya serikali, na polisi wa mpakani wapo kwa sababu njia ya dawa za kulevya kutoka Colombia inapita palepale. Waguna wana wabunge wao wawili kwenye Bunge la Panama, na wanapiga kura kama raia wengine. Huu si uhuru wa nchi, na toka 1925 hawajaudai tena.

Kwa tasnifu yako basi, usianze na 1938. Chukua Sheria namba 16 ya 1953 na ile Sheria ya Msingi waliyojiandikia wenyewe miaka ya 1990, zote zipo kwa Kihispania, ziweke kwenye meza moja na utafute sehemu zinazopingana: nani anaidhinisha mwekezaji, nani anaamua kesi, nani ana neno la mwisho juu ya msitu. Kila sehemu zinapopingana jiulize kwa vitendo inafuatwa ipi na kwa nini, na kama msimamizi wako atasema hiyo ni kazi ya sheria si ya sosholojia mwambie jibu lake halipatikani kwenye vifungu, linapatikana kwenye kumbukumbu za mikutano.